Uhalifu wa mtaani usiopata mhusika: ramani inaweza kutuambia nini, na haiwezi kutuambia nini?

MchoraRamani:

Wakuu, habari zenu. Uzi ni mrefu, atakayechoka apumzike kisha arudi.

Panapotokea mauaji au wizi wa mfululizo mtaani na mhusika hapatikani, jina la mtu huanza kuzunguka kabla hata polisi hawajamaliza kupima eneo. Sababu zinazotolewa karibu zote ni za jiografia. "Anakaa pale pale." "Kutoka kwake ni hatua chache tu." "Nani mwingine angekijua kile kichochoro?" Naumia nikisikia hivyo, kwa sababu ardhi ya mtaa ina mengi ya kweli ya kutuambia kuhusu uhalifu, na tunayaruka yote ili tufike kwenye jina.

Paul na Patricia Brantingham, wataalamu wa elimu ya uhalifu waliofundisha Kanada, walieleza jambo ambalo ukilifikiria unaliona kila siku. Mhalifu naye ana maisha. Ana pa kulala, pa kufanyia kazi, pa kustarehe, kwa ndugu zake. Sehemu hizo anazifahamu, na njia za kutoka moja kwenda nyingine anazifahamu pia, pamoja na nyumba zilizo kandokando yake. Uhalifu mwingi huangukia ndani ya eneo hilo alilolizoea, pale anapokutana na fursa. Kwa hiyo swali la kwanza ni: nani ana sababu ya kupita hapa? Swali hilo ni pana sana kuliko "nani anaishi hapa". Fundi wa jengo lililo jirani anapita. Mpeleka mizigo anapita. Aliyehama mtaa miaka mitano iliyopita bado anaujua kama kiganja chake.

Halafu kuna Kim Rossmo, aliyekuwa polisi Vancouver na akapata shahada ya udaktari Simon Fraser University mwaka 1995. Yeye aliyageuza mawazo hayo kuwa hesabu. Unaweka kwenye ramani matukio yanayoaminika kuwa ya mtu mmoja, hesabu inapaka rangi maeneo ambayo huenda ndiyo makazi yake au kituo chake, kutoka yenye uwezekano mkubwa hadi mdogo. Ndani yake kuna kanuni mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: kadiri unavyokwenda mbali na kwake, matukio yanapungua. Ya pili ndiyo inayosahaulika, nayo ni kwamba karibu sana na mlango wake pia matukio huwa machache, maana hapo anajulikana sura na jina. Wakati mtaa unamkazia macho anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwenye tukio, hesabu yenyewe inapunguza uzito wa nyumba ya tatu.

Na hesabu hiyo ina masharti. Rossmo alitaka angalau matukio matano yaliyothibitika kuwa ya mkono mmoja, na mhusika awe na kituo kimoja anachotokea, asiwe anasafiri kutoka mji mwingine kuja kuwinda. Tukio moja halitoshi. Ukiona mtu anachora duara kwa tukio moja la mauaji kisha anataja nyumba, huyo anabahatisha maisha ya mwenzake.

Mfano ninaoufikiria kila mara ni Villisca, mji mdogo wa Iowa, Marekani. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Juni 1912, watu 8 waliuawa kwa shoka ndani ya nyumba moja, 6 kati yao watoto. Mji ukagawanyika. Kuna waliomshuku mfanyabiashara mkubwa wa hapo hapo, seneta wa jimbo, kwa ugomvi wa kibiashara na mwenye nyumba. Mhubiri mmoja akashtakiwa mara mbili, mara ya kwanza wazee wa baraza hawakuafikiana, mara ya pili akaachiwa. Lakini Villisca ilikuwa na reli. Na kati ya mwaka 1911 na 1912 familia nyingine ziliuawa usiku kwa namna inayofanana, Colorado Springs, Monmouth, Ellsworth, Paola, miji iliyokuwa imeunganishwa na treni. Kesi haijatatuliwa hadi leo. Ila ona jinsi reli inavyobadilisha swali lote: mtu angeweza kushuka jioni na kupanda alfajiri bila mkazi yeyote kumjua.

Karibuni tujadili.

Kijiti:

Mleta uzi umeandika vizuri lakini unakwepa ukweli. Mwanasaikolojia David Canter na mwenzake Larkin mwaka 1993 waliwachunguza wabakaji 45 wa mfululizo Uingereza. Walichukua matukio mawili yaliyo mbali zaidi, wakachora duara kwa kutumia mstari huo kama kipenyo. Asilimia 87 ya wahalifu walikuwa wanaishi ndani ya duara. Asilimia 87! Hao ni watu wa hapo hapo. Mtaa unapomshuku mkazi, mtaa una haki.

MchoraRamani:

Mkuu Kijiti, takwimu yako ni sahihi na nashukuru umeileta. Sasa tuifanyie hesabu. Tuseme matukio mawili ya mbali zaidi yametengana kilomita 4. Duara lenye kipenyo hicho lina zaidi ya kilomita za mraba 12. Kwenye mji, humo ndani wanaishi maelfu ya watu, pengine makumi ya maelfu. "Anaishi ndani ya duara" ni kweli kwa mhusika, na ni kweli pia kwa watu wote hao wasio na hatia. Ukichukua mmoja kwa sababu tu yumo ndani, umepata nini?

Tena utafiti ule ulikuwa wa wabakaji wa mfululizo. Wizi wa kuvunja nyumba una tabia zake, na mauaji ya mtu mmoja mmoja yana zake, kwa kuwa mengi hutokana na uhusiano wa aliyeuawa na aliyeua kuliko mahali.

Canter mwenyewe alionyesha matumizi sahihi. Katikati ya miaka ya 1980 London ilikuwa na ubakaji na mauaji karibu na vituo vya treni. Polisi walikuwa na orodha ndefu ya majina tayari. Yeye akaangalia mfululizo wa matukio kwa tarehe, akaona ya mwanzo yalivyojikusanya, akaelekeza upande wa Kilburn na Cricklewood. John Duffy, aliyekuwa seremala wa shirika la reli, aliishi Kilburn na jina lake lilikuwemo kwenye orodha ile. Alihukumiwa mwaka 1988. Ramani ilipanga foleni ya kuchunguzwa. Ushahidi wa kumtia hatiani ulitoka kwingine.

SajentiMstaafu:

Naunga mkono, na nataka niongeze kesi ambayo kila mpelelezi angefundishwa. Peter Sutcliffe, muuaji wa wanawake wa mfululizo kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1979 polisi walipokea kaseti ya mtu anayedai ndiye muuaji, akizungumza kwa lafudhi ya watu wa Sunderland. Msako ukahamia huko, na washukiwa wasio na lafudhi ile wakawa wanawekwa pembeni. Kaseti ilikuwa ya uongo, aliyeirekodi alikuja kufungwa mwaka 2006.

Desemba 1980 mtaalamu wa uchunguzi wa kisayansi, Stuart Kind, akachukua matukio 17, akatafuta kitovu chake. Akaongeza kitu kizuri sana: saa. Aliamini kwamba tukio la usiku wa mapema lina uwezekano wa kuwa mbali na kwake, kwa sababu ana muda wa kurudi, na la usiku sana lina uwezekano wa kuwa karibu. Akaelekeza Bradford, kati ya Manningham na Shipley. Wiki chache baadaye, Januari 1981, Sutcliffe akakamatwa Sheffield kwa sababu ya namba bandia za gari. Alikuwa anaishi Heaton, Bradford, kati ya sehemu hizo mbili. Alikuwa ameshahojiwa mara 9 na kuachiwa.

Kinachoniuma ni kwamba pointi zile zilikuwepo kwenye mafaili muda wote.

Bonde:

Mimi ni mtu wa upimaji ardhi, siyo polisi, nichangie upande wangu.

Kosa kubwa kwenye ramani za watu wa mtandaoni ni kupima umbali kama ndege anavyoruka. Binadamu hapai. Mto bila daraja, reli yenye uzio, barabara kuu yenye njia sita, korongo, ukuta mrefu wa kiwanda: vitu hivyo vinaweza kufanya nyumba mbili zilizo mita 80 kutoka moja hadi nyingine ziwe nusu saa kwa miguu. Na kinyume chake, kijinjia cha mkato ambacho hakimo kwenye ramani yoyote kinaweza kuunganisha mitaa miwili ambayo kila mtu anadhani haiingiliani.

Jambo hili ni la zamani. Daktari John Snow alipofuatilia kipindupindu cha London mwaka 1854, aliangalia watu wanatembea umbali gani kufika kwenye bomba la maji la Broad Street ukilinganisha na mabomba mengine, akifuata mitaa yenyewe. Tena vilivyompa nguvu ni visa visivyolingana na mpangilio. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa jirani kabisa na bomba hawakufa kwa kipindupindu, kwa kuwa hawakuwa wanayanywa maji yale. Mwanamke aliyeishi mbali, Hampstead, akafa, ikaja kugundulika alikuwa analetewa maji hayo hayo kwa kuwa aliyapenda. Ukaribu peke yake ungemdanganya mara mbili.

Kwa uhalifu, mfano wangu ni yule mbakaji na muuaji wa mfululizo wa California, Joseph DeAngelo. Kuanzia mwaka 1976 mashariki mwa Sacramento, Rancho Cordova, Carmichael, Citrus Heights, nyumba alizoshambulia mara nyingi zilikuwa karibu na mifereji, vijito na maeneo ya wazi nyuma ya makazi. Gari likifuata barabara, yeye anakata kwa mfereji. Mtu wa kupitia tu hazijui njia hizo usiku. Alikamatwa Aprili 2018 nyumbani kwake Citrus Heights, kwa vinasaba vilivyofuatiliwa kupitia mti wa ukoo. Alikuwa amewahi kuwa polisi. Miaka yote hiyo raia walichora ramani zake, nyingine nzuri mno, na hazikufika mlangoni kwake. Ramani za njia zilisema kweli kuhusu tabia yake, basi.

Kijiti:

Sawa, hoja ya duara nimeielewa. Lakini mbona kesi ya muuaji Colin Pitchfork? Vijiji vya Narborough na Enderby, Leicestershire, Uingereza. Wasichana wawili, mwaka 1983 na 1986, wote waliuawa kwenye vijia vya miguu ambavyo mgeni hawezi kuvijua. Polisi wakasema ni mtu wa vijiji hivi, na ni kweli alipokamatwa alikuwa anaishi hapo jirani, Littlethorpe. Jiografia ilimkamata.

MchoraRamani:

Nilikuwa nangojea mtu ailete hii, maana ndiyo kesi bora ya kuonyesha hatua zake.

Vijia vile vilisema: tafuta hapa. Polisi wakafanya kilicho cha haki kwa eneo zima. Wakaomba damu ya wanaume wa vijiji hivyo, zaidi ya 5,000. Hawakuchagua mtu mmoja kwa kuwa ni wa ajabu na anaishi karibu. Na hebu kumbuka kilichotangulia: kijana wa miaka 17 wa eneo lile lile alikuwa amekiri mauaji ya pili. Mkazi, anaonekana karibu na tukio, tena amekiri. Vinasaba vikamtoa. Angehukumiwa kwa ukaribu na maneno yake, mhusika angekuwa anazunguka hadi leo. Hata Pitchfork mwenyewe alikwepa kipimo kwa kumtuma mwenzake wa kazini atoe damu kwa jina lake. Alinaswa mwaka 1987 kwa sababu mwenzake huyo alizungumza, na mtu akasikia.

Sasa linganisha na Wimbledon Common, London, Julai 1992. Mama kijana anauawa mchana kwenye uwanja wa wazi, mwanawe mdogo akiwepo. Polisi wakamkazia mwanaume wa maeneo ya jirani aliyezoea kutembeza mbwa wake pale. Jina lake silitaji kwa makusudi, limetajwa vya kutosha. Alishtakiwa mwaka 1993, jaji akaitupa kesi mwaka 1994 kwa jinsi polisi walivyomtegea mwanamke wa kumrubuni akiri. Aliendelea kunyooshewa kidole miaka na miaka. Mwaka 2008 Robert Napper akakiri. Alikuwa mtu wa Plumstead, upande mwingine wa London, na wakati wa kumkazia mwenye mbwa, Napper aliua tena, mama na binti yake, Novemba 1993.

Hilo ndilo ninalotaka lieleweke, Kijiti. Kumshuku jirani asiyehusika kuna gharama mbili. Anaumia yeye, na anayehusika anapata muda.

SajentiMstaafu:

Na kesi ya mtangazaji Jill Dando, Fulham, Aprili 1999. Aliyehukumiwa mwaka 2001 alikuwa anaishi karibu nusu kilomita kutoka pale. Kulikuwa na chembe moja tu ya mabaki ya risasi kwenye koti. Mwaka 2008 kesi ikasikilizwa upya, akaachiwa. Muuaji hajulikani.

Upande wa pili, Washington mwaka 2002, walenga shabaha waliokuwa wakiua watu hovyo. Ramani ilikwama kwa sababu hawakuwa na nyumba ya kurudi, gari ndilo lilikuwa makazi yao, na walifuata barabara kuu. Na raia wote walikuwa wanatafuta gari jeupe la mizigo. Lao lilikuwa Chevrolet Caprice ya bluu.

Nuru82:

Samahani nawaingilia na jambo dogo kuliko hizo kesi kubwa. Mtaani kwetu nyumba nne zimevunjwa kwa muda mfupi, zote za safu ya nyuma, zote mchana. Hakuna aliyekamatwa. Kwenye kundi la mtaa watu wamemtaja kijana anayekaa nyumba ya kona, hana kazi, anashinda nyumbani. Mtu amechora hata mchoro kuonyesha kuwa nyumba ya kijana iko katikati kabisa ya zile nne. Picha yake imewekwa. Mama yake hatoki nje siku hizi. Mchoro ule unaonekana una mantiki na ndio unaonitisha. Niseme nini?

MchoraRamani:

Dada Nuru, hili si dogo hata kidogo.

Mchoro ule una nyumba nne tu, na hakuna anayejua kama ni mkono mmoja. Hawajatimiza hata sharti la kwanza kabisa, la matukio matano ya mkono mmoja. Pia ukichagua nyumba yoyote ya katikati ya mtaa, itakuwa katikati ya matukio ya mtaa huo. Waombe wachore mchoro ule ule wakiweka nyumba nyingine tano za katikati, moja moja, mahali pa nyumba ya kijana, waone kama picha inabadilika.

Nikuulize: safu ya nyuma imepakana na nini? Na nyumba za mbele, zilizo karibu zaidi na kona, zimeguswa?

Nuru82:

Nyuma kuna mtaro mkubwa wa maji ya mvua. Ng'ambo yake kuna jengo linajengwa, na njia ya watu wanaoelekea kituo cha basi. Kuna ubao wa kuvukia. Za mbele hazijaguswa hata moja.

Bonde:

Dada, hapo ndipo pa kusimama. Nyumba za mbele ndizo anazoziona kijana wa kona kila siku na zimebaki salama. Zilizovunjwa zinafanana kwa kitu kimoja, migongo yake inatazama mtaro. Anayesimama ng'ambo anaona nani katoka, mlango gani hauna kitasa cha maana, ukuta gani mfupi. Sisemi ni mafundi wa jengo, tusihamishe kidole kutoka kwa mmoja kwenda kwa kundi zima. Nasema mlango wa kuingilia mtaa wenu uko nyuma, na nyie wote mnatazama mbele.

Tembea pale mwenyewe, na mtu mwingine, saa zile zile za matukio. Angalia unaonekana kutoka madirisha mangapi ukiwa kwenye ubao.

SajentiMstaafu:

Niongeze la haraka maana linahusu usalama wenu sasa. Watafiti wa University College London, Shane Johnson na Kate Bowers, walionyesha kwa takwimu za Merseyside kwamba nyumba ikivunjwa, hatari kwa nyumba za jirani, ndani ya mita 400 hivi, hupanda kwa wiki kadhaa kisha hushuka. Na nyumba iliyovunjwa yenyewe mara nyingi hurudiwa. Kwa hiyo zile nne na zinazogusana nazo ndizo za kuimarishwa kwanza. Nguvu mnayoitumia kumkazia macho yule kijana ihamishieni kwenye mtaro.

Kijiti:

Nuru, na mimi niseme. Nilianza uzi huu nikiwa upande wa wenye mchoro. Bado naamini mhusika anaujua mtaa wenu vizuri. Ila kuujua kutokea ng'ambo ya mtaro nako ni kuujua. Polisi mmewapelekea nini mpaka sasa?

Nuru82:

Jina la kijana tu, nadhani. Tuwapelekee nini?

SajentiMstaafu:

Wapelekeeni vitu ambavyo wao wakikaa ofisini hawavioni. Kila nyumba: tarehe, saa ambayo mara ya mwisho ilikuwa salama na saa iliyogundulika imevunjwa, aliingilia wapi, alitokea wapi, alichukua nini na aliacha nini. Mchoro wa ubao, mtaro, mwanya wowote wa uzio, taa zisizowaka. Majaribio yaliyoshindikana pia yaandikwe, watu huyaacha na yana thamani kubwa, kwani yanaonyesha alikotaka kupita. Kama kuna kamera ng'ambo kule, sema haraka kabla picha hazijafutwa na mpya. Majina acheni. Kama kuna mtu aliona mtu, aende mwenyewe aseme alichokiona, kwa saa na mahali.

Nuru82:

Nimerudi. Nimekwenda na jirani mmoja, mchana. Ukiwa kwenye ubao hakuna dirisha hata moja la mtaa wetu linalokuona, kuta za uani zimekuziba. Uzio wa jengo una mwanya mkabala na nyumba ya pili iliyovunjwa. Na kuna nyumba ya tano, ya mwisho kabisa kwenye safu, kitasa cha mlango wa nyuma kimechokolewa na mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Tumeandika yote na kesho tunayapeleka kituoni. Ubao tumekubaliana utaondolewa jioni na kurudishwa asubuhi, na mchana majirani watapokezana kukaa upande ule. Picha ya kijana imeondolewa kwenye kundi. Watu wawili wamekataa kuelewa, nimewawekea maelezo ya Bonde kuhusu nyumba za mbele na hawajajibu.

MchoraRamani:

Hiyo nyumba ya tano iandikeni juu kabisa ya karatasi. Kwa kuwa aliishindwa, kuna uwezekano wa alama za kifaa alichotumia kubaki kwenye kitasa. Mwambie mwenye nyumba asikibadilishe wala kukifuta kabla hawajaja.